Saa Moja ya Kuumuka: Kipanga Anashuka Kreni

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Muda wote huo mwendesha kreni wetu, tunayemwita Kipanga, amekuwa nasi, na mingi ya miaka hiyo ameketi juu ya vichwa vyetu. Ijumaa hii, tarehe 30, anastaafu, na kamati imenipa mimi, mchanganya zege, kazi ya kumwandika. Niliishia darasa la sita, mnivumilie.

Alianza kwa kubeba nondo. Mwaka wa nne akapandishwa kwenye kreni, na kila boriti ya ghala kuu imepitia mikononi mwake. Jina la Kipanga alipewa na akina mama wa jikoni, kwa sababu kutoka juu alimwona kila aliyejificha nyuma ya matofali akivuta sigara. Hakumchongea mtu kwa mnyapara. Alisubiri chakula cha mchana, akamtania mbele ya watu.

Lakini nikitaja boriti peke yake nitakuwa nimedanganya. Miaka sita iliyopita waya wa kreni yake ulikatika, na tita la nondo likaanguka hatua mbili kutoka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi alijipangusa vumbi, akaomba maji ya kunywa. Aliyeumia alikuwa juu, na jeraha lake halikuonekana. Wakaguzi walisema kosa si lake, waya ulikuwa umeliwa na kutu kwa ndani. Hata hivyo mikono ilianza kumtetemeka, usingizi ukamhama, na akigusa ngazi tu jasho lilimtiririka. Akawekwa getini kugawa kofia ngumu. Uongozi ukampa miezi mitatu: apande tena, au afungashe.

Muuguzi wa zahanati ya kambi alimsikiliza kila wiki, na ndiye aliyemshauri aitafutie mikono kazi nyingine. Binti yake akamfundisha kwa simu kuoka mkate katika oveni kuukuu ya jiko letu la pamoja. Mkate wa kwanza ulitoka na nyufa. Kipanga akafanya ambalo mtu yeyote wa zege angefanya: akaumwagilia maji asubuhi na jioni, ukomae. Siku ya pili ulikuwa uji. Fundi wa kuchomelea akamuuliza kama wakaguzi waje kuupima siku ya ishirini na nane, kama wapimavyo zege.

Hakuacha. Kila alasiri alikanda. Alisema donge halimpi mtu nafasi ya kuwaza: likinata unaongeza unga, likikaza unaongeza maji, na kabla jua halijazama una kitu ulichokimaliza.

Kisha akagundua jambo lake mwenyewe. Donge likishafunikwa, linataka saa moja kuumuka, na saa hiyo huna la kufanya. Akaipa ngazi saa hiyo. Alifunika bakuli, akafunga mkanda wa usalama, akaenda kwenye kreni iliyozimwa, mnyapara akimlinda chini. Siku ya kwanza alipanda vidato vinne. Tulimwuliza kwa nini asingoje apone kwanza. Akajibu, "Nikipanda bila kitu cha kunirudisha, nitaganda huko juu. Nikijua unga unaningoja, nitashuka tu."

Vinne vikawa kumi, kumi vikafika jukwaa la kwanza. Siku nyingine aliishia viwili, akarudi akaoka vilevile.

Wiki ya kumi na moja, saa ilipita hajarudi. Jiko zima tulitoka nje. Kule juu mlango wa kibanda ulikuwa wazi, naye ameketi ndani, mikono imetulia kwenye vishikio. Alikaa saa mbili na nusu. Aliposhuka aliuliza hali ya unga kabla ya kutusalimu. Ulikuwa umefura na kumwagika mezani. Mkate wa jioni ile ulikuwa bapa kama kandambili, tena mchachu, na tuliumaliza. Jumatatu akarudishiwa kreni.

Sisemi mkate ni dawa. Kipanga aliendelea kwenda kwa muuguzi mpaka mwaka jana, na hakuona haya kusema. Lakini nilipofiwa na mama nikiwa huku mbali, nikashindwa kwenda kuzika, hakunipa pole ndefu. Alinipa nusu ya donge. Nilikanda huku nalia, na jioni ile nikala, mara ya kwanza baada ya siku tatu. Siku hizi kila Jumamosi meza ya jiko imejaa wanaume wazima wenye unga hadi viwikoni.

Kreni anamwachia dada aliyemfundisha mwenyewe, ambaye huweka boriti chini kama mtu anayelaza mtoto.

Juzi alikiri kwamba kustaafu kunamtisha kuliko ngazi. Mkewe ameishi peke yake miaka mingi; alihofia nyumba imeshamsahau yeye mume. Akampigia simu akamwambia hivyo hivyo, sote tupo jikoni tukisikia. Mkewe akajibu, "Njoo na hofu yako, baba watoto. Na mimi nina yangu. Tutazoeana." Kipanga akacheka, akaanza kufunga sanduku.

Mzee wetu, asante kwa kila mzigo ulioushusha taratibu mbele yetu. Ufike salama, ulale usingizi mnono, na mzoeane upesi.