Vyumba vya Juu kwa Mzee Étage

Kila asubuhi Mzee Damascène hufungua madirisha yote ya ghorofani, ingawa huko halali mtu, ili nyumba isionekane imetelekezwa. Kisha hushuka kuchemsha kahawa na kusogeza benchi barazani, hapo Cyangugu ya chini, kwenye maduka ya zamani ambayo wenyewe walishahamia Kamembe. Wenzake wa kahawa, ambao nao walishahama, humwita Mzee Étage, yaani Mzee wa Ghorofani. Binti yake, Uwimbabazi, ameapa kumhamisha Jumapili, asije akafa peke yake bila mtu kujua. Akipatikana hata mpangaji mmoja wa juu, atamwacha abaki. Leo mzee amepania kuwaomba wenzake, mmoja wao apange. Anasubiri upenyo tu.

— Ona huu ukuta, alianza Murhula, aliyebatizwa Ingénieur tangu apake chokaa kanisa. Unene yote hii ni juu ya tetemeko.

— Tetemeko gani? Hugues, mstaafu wa forodha ya mpakani aitwaye Douane, akamcheka. Ndani muko zahabu. Ule commerçant wa duka mwenye aliijenga alikuwaka anaificha humo.

— Weye haujue kitu! Chini ya hii salon ya wageni kuko njia, inapita chini ya ziwa mpaka Bukavu.

— Na mayi haiingie?

— Njo maana ukuta ni munene!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Damascène akawaongezea kahawa.

— Hii nyumba ni patrimoine, ni urithi yetu, Ingénieur akasema. Bakileta mashini ya kuibomoa, nitalala hapa mbele ya mulango.

— Siye bote tutalala hapa! Douane akadakia.

Mzee akaweka birika chini. Huu ndio upenyo. Akakohoa.

— Sasa, bandugu yangu…

Feza, muuza sambaza, dagaa wa ziwani, aliyevuka mpaka asubuhi hiyo, alikuwa ametua beseni lake kwenye ngazi apumzike. Macho yake yalikuwa juu, madirishani.

— Bapapa, nyumba muzuri hivi, juu ya nini mulihamaka bote?

Ingénieur akachungulia kikombe chake. Douane akaanza, “Kamembe kuko…”, kisha akatazama saa. Muda si muda wakakumbuka shughuli zao, wakadandia pikipiki kupanda Kamembe.

Mzee hakuwa ameomba kitu. Akapanda ngazi, akaanza kufunga madirisha, moja baada ya jingine.

— Papa, Feza akaita toka chini, unafunga na jua ingali inawaka?

— Niko naizoesha nyumba kufungwa kabla ya Jumapili, mwanangu.