Mama Nyoka na Donge Lililoyeyuka Haraka Mno

Tarehe thelathini mwezi huu, mtafiti wetu mwandamizi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya damu. Kwenye barua za ofisi ni Daktari. Sisi tunamwita Mama Nyoka, naye huitika.

Jina lenyewe ni la kumwonea tu. Kazi yake ni kuchunguza kama dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyotokana na sumu ya nyoka, inasaidia donge la damu kuyeyuka. Sumu hutufikia ikiwa unga ndani ya kichupa. Siku mpira wa kumwagilia maua uliposahauliwa koridoni, mama huyu alipanda juu ya meza ya mhasibu na kugoma kushuka.

Utafiti huo aliuanza kwa uchungu. Dada yake mkubwa, aliyemlea, alipata donge kwenye mshipa wa mguu, likamlaza miezi. Mama Nyoka akaapa kutafuta cha kuliyeyusha mapema.

Basi mwaka mmoja madonge yakaanza kuyeyuka kama barafu juani. Jamani, tulishangilia! Mkuu wa maabara alishaandaa hotuba ya mkutano, na keki ikakatwa. Sasa, hapa kwetu damu ya majaribio tunajitolea wenyewe, na zamu ilikuwa ya Mama Nyoka. Keki ikiwa mdomoni, jino likamuuma, naye akakumbuka kwamba wiki nzima alikuwa akimeza aspirini. Aspirini nayo hulegeza donge. Huenda sifa zote zilikuwa za kidonge cha jino!

Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, nani angemuuliza? Aliweka sahani chini, akatuambia wote kwamba majibu yale hayafai, yatupwe. Mkuu alinuna. Sisi tulirudia kazi mwaka mzima kwa damu za watu wengine, tukinung'unika chini chini, naye akilia chooni akidhani hatumsikii.

Jibu jipya lilikuwa dogo: dawa haiyeyushi donge, ila hulegeza nyuzi zake, mwili ukamalizia wenyewe. Maabara nyingine zimelirudia jaribio, zikapata hilohilo.

Dada mtu alipona kwa dawa za kawaida, na dawa yetu bado haijamfikia mgonjwa hata mmoja. Si siri, hilo linamuuma. Lakini atakayechomwa sindano ya dawa hiyo siku moja hatakuwa na haja ya kuogopa, maana kuna mtu aliyekataa kumdanganya hata kabla ya kumjua.

Asante, Mama Nyoka. Nenda ukapumzike na dada yako, mcheke mpaka mbavu ziume. Tunakupenda, na tunakuombea kila la heri.