Bi Lüdecke na Mkate Uliorudi Shambani

Ukiondoa miaka aliyokuwa amefukuzwa, Bi Irmgard Lüdecke ametumikia kumbi zetu za maonyesho hapa Frankfurt kwa miaka ishirini. Anastaafu tarehe 30 Juni 1961. Kuta zilizonyooka zitapumua.

Alikuja mwaka 1928 kutoka karakana ya filamu bubu, alikokuwa akikata vipande vya filamu na kuviunga. Mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Overbeck, alimkabidhi maonyesho ya mkate, akitarajia picha zipangwe ukutani kama askari gwarideni. Bi Lüdecke akajenga ujia uliopinda, mwembamba, unaofunguka ghafla mbele ya uso wa mwokaji, mkubwa kama nyumba. Kuta zake zilikuwa za mbao nyembamba zilizosimama wima, kila upande na picha yake: ukizikaribia unaona ngano, ukizipita unaona unga.

"Picha hazitembei," alimweleza Overbeck, "basi tutawatembeza watu."

"Diwani akija kufungua kesho akacheka, utarudi kwenye mkasi wako."

Kesho yake Diwani Wiesenhütter, mwenye haraka ya chakula cha mchana, aliingia kwa mlango wa kutokea, na msafara wote nyuma yake. Overbeck akabadilika rangi. Bi Lüdecke akamshika diwani mkono, wakaenda taratibu kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Mkate ukarudi kuwa donge, donge likawa unga, unga ukapanda masukeni. Diwani akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama, mkate wangu mmeurudisha shambani?"

"Ulikuwa umeshaliwa, Bwana Diwani. Ilibidi tuanzie mwisho."

Diwani akazunguka, akaingia tena kwa mlango wa mbele. Safari hii alisimama kimya mbele ya mwokaji mpaka supu yake ikapoa huko nyumbani. Overbeck alinuna mwezi mzima, kisha akampa Bi Lüdecke ukumbi mkubwa zaidi.

Mwaka 1933 wakubwa wapya walitaka kuta zinyooke, naye pia anyooke. Hakunyooka, wakamfukuza. Alishona mapazia ya watu hadi 1946, tulipomwita tena kwenye ukumbi ulioachwa na vita bila paa. Alitundika picha za mitaa yetu ya zamani kwenye kamba, upepo ukawa unazisogeza. Mama mmoja aliuona mlango wa kwao pichani, akaenda mbele, akarudi nyuma, akaenda tena. Bi Lüdecke aliagiza ukumbi usifungwe mpaka mama yule atosheke.

Asante, Bi Irmgard. Uishi kwa raha na afya. Ukichoka kupumzika, usipige simu. Njoo.