Nusra na Vile Vimiji vya Mlimani

Asubuhi hiyo kijiwe cha kando ya fundi tairi, pale Ukunda, kilikuwa hakikaliki. Chirau, dereva wa kutembeza watalii ambaye wenzake humwita Safari, alikuwa amefura, na haki alikuwa nayo. Binti yake Nusra anasoma Italia. Likizo ilipofika walimngojea nyumbani, hata chumba chake kikapakwa rangi, naye akasema atabaki na familia anayokaa nayo huko. Sasa kila kukicha wanampandisha mji mmoja wa mlimani, jioni wanarudi, na picha inatumwa. Ya leo iliandikwa chini: "Siku njema na familia."

— Familia! alifoka Chirau. Na mimi ni nani wake, jirani?

Garama alimpokonya simu. Huyu ndiye Ubalozi. Aliwahi kumbebea mtalii begi hadi mlangoni pa ubalozi, na tangu siku hiyo hakuna jambo la Ulaya asilolijua.

— Hebu nione. Nyumba za mawe, vichochoro, kanisa. Watu wako wapi?

— Wazee watatu hao, wamekaa, alisema Sanga, aitwaye Ushahidi.

— Basi! Vijana wote wameshuka kutafuta kazi. Ile miji imebaki mitupu, yakhe, wanatafuta wa kuijaza. Mwadhani anatembezwa? Anaonyeshwa nyumba!

— Ushahidi uko wapi?

— Leo ni mji wa nne. Mtu wa kutembea tu aonyeshwe milango yote hiyo ya nini?

— Astaghfirullah, alisema Chirau.

— Akishachagua, wanamwoza. Akishaolewa, wanamfanya diwani. Na wewe babake ukienda kumwona, utaandikisha jina getini!

— Diwani gani, na wapiga kura ni wazee watatu?

— Ndiyo maana atapita bila kupingwa!

Sanga alicheka hadi kahawa ikammwagikia. Chirau hakucheka. Katika picha, yule baba wa Kiitaliano alikuwa amembebea Nusra mkoba, na Nusra anacheka meno yote nje. Chirau aliipokonya simu yake kwa wivu.

— Miaka ishirini nawapandisha Waitaliano Shimba Hills! Baba, mama, watoto, hadi nyanya zao. Nawaonyesha ndovu, nawamenyea mananasi, watoto wao nawabeba mgongoni kule kwenye maporomoko. Kuna siku nilijiita familia ya mtoto wa mtu? Hii ni dhuluma!

— Dhuluma, wallahi! aliitikia Ubalozi.

Kwenye ncha ya benchi alikaa mgeni aliyekuwa akingoja tairi lake lizibwe. Alikuwa akisikiliza muda wote, kikombe mkononi.

— Shikamooni wazee wangu, alisema kwa adabu. Samahani, nauliza tu. Huko Shimba Hills, Nusra alipapenda?

Ubalozi alimtazama Sanga. Sanga akalitazama dele la kahawa. Kila likizo ya shule ilikuwa ndiyo msimu wa wageni, na gari lilijaa. Nusra hajawahi kufika Shimba Hills.