Moto wa Orwa na Kifua cha Tochi

Kijiwe chetu cha Nyamisangura hakina kibao, na hakihitaji. Ukishuka stendi tafuta moshi tu, umefika. Orwa anachemsha kahawa kwa kuni mbichi za mkaratusi, na akiona nzi anatupia motoni kinyesi kikavu cha ng'ombe kuwafukuza. Mkaa hataki hata kuusikia, eti kahawa ya mkaa haina ladha. Sisi tumeshazoea, machozi yanatutoka na soga inaendelea. Kilichokuwa kinaniuma mimi Magige ni kimoja tu: rafiki yetu Wangwe, tunayemwita Tochi, alikuwa amerudi kutoka machimboni miezi mitatu iliyopita na hajakaa nasi hata siku moja. Anakaa ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la fundi cherehani. Anatupungia mkono, basi.

— Mwacheni, ana pumu, — alisema Nashoni, ambaye hanyamazi ndiyo maana anaitwa Redio. — Lakini jamani, yule ni mtu! Unampa jiwe, analilamba, analigeuza juani, anakwambia lina dhahabu au halina.

— Na hakosei, — nikasema.

— Wale mama wa kuponda mawe kule machimboni je? — Orwa akadakia huku akipuliza moto. — Wote walikuwa wanaponda makavu, wanaamini maji yanafukuza dhahabu. Tochi akasema upuuzi, nyunyizeni maji, vumbi litawaua. Mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akamfokea, Tochi akamgomea mbele za watu! Leo wale mama wanapumua.

— Ila yeye kifua kilishaharibika, — nikasema. — Na huku hakuna karasha. Mbona juzi kimembana tena? Alikuwa anakuja hapa kwetu kabisa, akafika kwenye ile nguzo ya umeme hapo kando ya barabara, akageuka. Nikamkimbilia. Ameshika nguzo, anavuta kile kidawa chake cha kupuliza mdomoni, kifua kinalia kama filimbi. Niliogopa bwana, siwafichi.

Okello akakohoa kidogo. Huyu tunamwita Daktari kwa sababu aliwahi kulinda geti la zahanati.

— Pumu kila mtu na kichokozi chake. Nesi alikuwa anawaambia wagonjwa, mimi nasikia pale getini. Huyu vumbi, yule baridi, mwingine manyoya ya paka. Hata mimi, mahindi yakitoa mbelewele, napiga chafya toka kijijini Susuni mpaka hapa, macho yananiwasha. Nesi alisema hayo yangu ni ndugu wa pumu.

— Haya, cha Tochi ni nini? — nikauliza.

— Ng'ombe. Analala karibu na zizi.

— Ng'ombe? — Redio akasimama. — Mkurya mzima achokozwe na ng'ombe! Kunywa kahawa yako. Ni marashi. Tangu abiria wa Sirari, kule mpakani, waanze kushukia hapa wamejipulizia, hewa imebadilika.

— Nyote hamjui, — Orwa akasema. — Ni dhahabu yenyewe. Mtu amelamba mawe miaka kumi! Imejaa kifuani. Jua likipanda inapata moto, inavimba.

— Basi tumweke kwenye mzani! — akadakia Redio.

Tukacheka mpaka benchi likalia. Orwa, kwa furaha, akatupia kinyesi kingine motoni. Moshi ukatanda.

Ndani ya moshi huo akatokea msichana, leso puani, anakohoa. Sheila, mtoto wa dada yake Okello, amevuka mpaka asubuhi hiyo kuja kusalimia.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee. Woi, huu moshi! — Akajifuta macho. — Mnamsifu nani hivyo? Nimewasikia toka stendi.

— Yule pale, — Redio akanyoosha kidole. — Tochi. Hana mfano Tarime nzima.

Sheila akamtazama Tochi, akatutazama sisi, akautazama moto.

— Sasa kama mnampenda hivyo, mbona amekaa kule?

Redio akakishusha kidole chake. Daktari akainamia kikombe chake. Mimi nikaangalia ile nguzo, nikaona moshi wetu unavyoishia palepale, na aibu ikanishika mpaka masikio.

Orwa akasimama. Alitafuta maji, hayapo. Basi akainua birika, kahawa yote ya asubuhi ile, akaimwaga juu ya moto. Ukafuka sana, kisha ukafa. Tukangoja upepo ufanye kazi yake.

Ng'ambo, Tochi alisimama. Akavuka polepole, akafika kwenye nguzo, akavuta hewa kama mtu anayeonja mchuzi. Akaipita.

— Kwa nini hukutuambia, we mtu? — nikamuuliza.

— Ningemwambiaje Orwa azime moto wa watu wote kwa ajili yangu?

— Mbona kwa ajili ya wale mama uligombana na mwenye karasha!

— Wale walikuwa wengine, — akasema. — Huyu ni mimi.

Orwa akapangusa benchi kwa kofia yake.

— Kahawa imeisha, Tochi. Kesho nakuja na mkaa, na jiko nitaliweka kule chini, upepo unakoelekea.

— Sogeeni basi, — akasema Tochi.

Tukasogea.