Shakir wa Kwenye Wimbo

Kwenye foleni ya abiria wa kwenda Mweiga, mwalimu Khavere alimsikia kijana mmoja akirap pamoja na simu yake bila kukosea neno. Laiti darasa lake lingeshika mashairi hivyo. Wimbo ulimsifu Shakir wa Majengo, simba asiyeogopa risasi.

"Zima hiyo," mama mmoja mwenye buibui akamwambia kijana. "Huyo Shakir ni mtoto wangu."

Uso wa kijana ukang'aa. "Mathe, Shakir ni shujaa! Saa hii hata Nairobi wanajua Majengo ya Nyeri."

"Na wanajua alikuwa anaogopa mbwa? Mpaka siku alipigwa risasi akafa, alikuwa analala na taa. Mbona hiyo hamuimbi?"

"Hiyo haiwezi bamba, mathe. Nani ataicheza?"

Gari likafika. Kijana akazima simu, akampisha mama apande kwanza. Midomo ya kijana tu ndiyo iliyoendelea: simba, simba.