Vitendawili vya Mbuke

STANSLAUS: Haloo? Nani mwenzangu?

BIBI MARIANA: Bibi yako. Nipo Shinyanga, dukani kwa Zakir. Hao wa ofisini kwenu Geita wamenisubirisha mpaka sikio limeota moto.

STANSLAUS: Shikamoo, Bibi!

BIBI MARIANA: Marahaba. Mwangaluka.

STANSLAUS: Mwangaluka. Kuna nini, mtu anaumwa?

BIBI MARIANA: Hakuna anayeumwa. Naulizia kompyuta.

STANSLAUS: (anacheka) Imekwama?

BIBI MARIANA: Haijakwama hata siku moja tangu uniwekee Januari. Ule mfumo wa kwanza, wa nakala ya wizi, nilikuwa sifikishi nusu ukurasa umeshazima. Hii Linux yako ni ng'ombe wa kulimia.

STANSLAUS: Si nilikwambia! Ya bure, ya kutegemewa, hata huo mwaka elfu mbili wanaotutishia itauvuka—

BIBI MARIANA: Ukasema ni chungu kisicho na mfuniko, kila mpishi duniani anaona kinachochemka. Nikakubali. Sasa vitendawili vyetu viko wapi?

STANSLAUS: Vimo, Bibi. Viko sehemu iliyofungwa. Lile neno la siri ndilo nimelisahau, nitakuja—

BIBI MARIANA: Mwezi wa nne huu unakuja.

STANSLAUS: Kazi, Bibi, huku machimboni—

(simu inakwaruza)

BIBI MARIANA: Kitendawili!

STANSLAUS: Bibi, bosi yupo hapa—

BIBI MARIANA: Kitendawili!

STANSLAUS: ...Tega.

BIBI MARIANA: Nilimpa nyumba anifagilie, akatupa taka pamoja na wenye nyumba.

STANSLAUS: Sijui.

BIBI MARIANA: Nipe mji.

STANSLAUS: Chukua... chukua Katoro. Ina soko zuri.

BIBI MARIANA: Katoro siitaki. Nipe ukweli.

STANSLAUS: Ukweli gani tena—

BIBI MARIANA: Naznin, binti wa huyu Zakir, anasomea kompyuta Mwanza. Yuko likizo, nikamwita nyumbani. Ameingia mpaka ndani bila hilo neno lako. Hakuna kilichofungwa, Stanslaus. Hakuna kitu.

STANSLAUS: Haloo? Bibi, sikusikii vi—

BIBI MARIANA: Unanisikia.

STANSLAUS: ...Ilibidi diski ifutwe ndiyo mfumo mpya uingie.

BIBI MARIANA: Na zile disketi mbili ulizosema umevihifadhi humo?

STANSLAUS: Sikuwa na disketi. Duka lilikuwa limefungwa, na basi la Geita—

BIBI MARIANA: Ulikuwa unawahi basi.

STANSLAUS: Nilidhani utaviandika tena. Wewe unavyo vyote kichwani, Bibi.

BIBI MARIANA: Vyangu ninavyo. Vya Mbuke je? Mdogo wangu alikuja toka Buseresere miguu imevimba. Wiki sita, yeye anatega, mimi nabonyeza kwa kidole kimoja. Mia mbili na kumi! Siku tunamzika ukanishika bega: "Usilie Bibi, maneno yake yamo kwenye mashine."

STANSLAUS: Bibi—

BIBI MARIANA: Ulikuwa umeshafuta.

STANSLAUS: ...Ndiyo.

BIBI MARIANA: Naznin anasema mashine haifuti hivihivi. Inauliza kwanza.

STANSLAUS: Inauliza.

BIBI MARIANA: Ilikuuliza mara ngapi?

STANSLAUS: Mara mbili.

BIBI MARIANA: Ukajibu nini?

STANSLAUS: (kwa sauti ndogo) Ndiyo. Na ndiyo.

(mkwaruzo mrefu)

BIBI MARIANA: Kumbe lile bati la kompyuta lilimhurumia Mbuke kuliko wewe.

STANSLAUS: Nisamehe. Nitaiondoa hiyo Linux, nikuwekee ny—

BIBI MARIANA: Iache hapo! Imenidanganya lini? Aliyenidanganya nilimbeba mgongoni.

STANSLAUS: ...Vya Bibi Mbuke unakumbuka vingapi?

BIBI MARIANA: Kumi na kimoja. Viwili sina majibu yake. Alisema atanipa kesho yake, tukachelewa kulala... akaamka hawezi kusema.

STANSLAUS: Jumamosi nakuja. Basi la kwanza kabisa.

BIBI MARIANA: Njoo. Ugali utakula, kitanda utatandikiwa. Ila neno la siri jipya tumeliweka mimi na Naznin, wala usiniulize.

STANSLAUS: Sikuulizi. Lakini hivyo viwili, Bibi, nitegee, pengine nikitafuta wazee wa Buseresere—

BIBI MARIANA: Zakir ananionyesha saa. Watu wamejipanga hapa. Haya, kaa sa—

STANSLAUS: Bibi? Kimoja tu, Bibi! ...Haloo?